Staa Mmoja Habebi Timu: Vile Vyuo vya Marekani Vinasaka Wasichana wa Gofu

Kama ukiskia neno gofu unawaza wazee wa Muthaiga wakitembea mosmos na kedi nyuma yao, ngoja kidogo. Kuna kona moja ya huu mchezo ambapo makocha wanang'ang'ania watoi wa miaka 16 vile timu za boli hung'ang'ania straika. Hiyo kona ni gofu ya wasichana wa vyuo vya Marekani. Digrii iko, doo iko, na njia ya kuingia gofu ya kulipwa iko. Shida ni moja: kutoka 2025 sheria zimegeuzwa na mlango umekuwa mwembamba. Na kwa huo mlango kunaweza kuwa kumesimama siste yako ama binamu yako, so kaa rada.

Tuanze na hesabu, juu bila hesabu hutaelewa kwa nini kocha anaweza kuacha msichana mkali na achukue mwenye hata hujawahi skia jina.

Timu inaingiza wachezaji watano. Kila mmoja anacheza mpira wake, mashimo 18 kwa raundi. Jioni skoa nne bora zinajumlishwa, ile mbaya zaidi inatupwa. Sema timu A imepiga 68, 72, 73, 75 na 81. Hiyo 81 inaenda kwa taka, jumla ni 288. Kama kiwango cha uwanja ni 72, wako sawa kabisa na kiwango.

Sasa cheki timu B. Wako na staa mwenye moto, amepiga 64. Wenzake wamepiga 73, 78, 80 na 82. Tupa 82, jumla ni 295. Yule staa amempiga kila mtu uwanjani, picha zake ndizo zinazunguka mtandaoni, lakini timu yake imelala kwa mikwaju saba. Aliyewaangusha ni mchezaji wa nne, yule hakuna mtu anamuuliza mahojiano.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Kocha akitembea kusaka wasichana, hatafuti tu nani anaweza kupiga 64 siku ameamka vizuri. Anauliza, siku huyu ameamka vibaya, anapiga ngapi? Mtoi ambaye siku yake mbovu ni 75 ni dhahabu. Mtoi wa 66 leo na 83 kesho ni presha ya bure.

Halafu fainali za NCAA zinaongeza utamu. Siku za kwanza ni hiyo hesabu ya mikwaju, timu 30 zinaanza, na baada ya mashimo 72 zinabaki nane. Hapo mfumo unageuka, inakuwa ana kwa ana. Watano wa huku wanakutana na watano wa kule, kila mechi ni pointi moja, na timu ya kwanza kufika pointi tatu imepita. Wanaume walianza huo mtindo 2009, wasichana 2015.

Fikiria hiyo kidogo. Kwa ana kwa ana, staa wako akimchapa mpinzani vibaya hadi mechi iishe mapema, unapata pointi moja. Mwenzake akishinda kwa shimo moja la mwisho huku mikono inatetemeka, ni pointi moja pia. Staa hana njia ya kukuletea mbili. Bado unahitaji wasichana wengine wawili washinde.

Ushahidi? Rose Zhang wa Stanford. Huyu dem alikuwa moto wa kuotea mbali. Alishinda taji la mchezaji binafsi la NCAA 2022, akarudia 2023, mwanamke wa kwanza kulichukua mara mbili. Mashindano 20 ya chuo, ushindi 12. 2022 Stanford ilibeba pia kombe la timu, kwa kuipiga Oregon 3-2. Lakini 2023, huku Rose akiwa kwa ubora wake, Stanford ilitolewa nusu fainali na kombe likaenda Wake Forest.

Na Wake Forest walikuwa nani? Angalia orodha yao: Rachel Kuehn na Emilia Migliaccio wa Marekani, Carolina Lopez-Chacarra wa Uhispania, Mimi Rhodes wa Uingereza, Lauren Walsh wa Ireland. Watatu kati ya watano walitolewa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa na jina kama la Rose, lakini ukiwatazama wote watano hukuona shimo la kuingilia.

Hii ya kusaka ng'ambo haikuanza juzi. Annika Sorenstam alitoka Sweden akachezea Arizona, akashinda taji la binafsi 1991. Lorena Ochoa wa Mexico alipitia hapo hapo Arizona. 2018 Arizona hao hao walikuwa karibu kurudi nyumbani. Bianca Pagdanganan wa Ufilipino akamaliza shimo la mwisho kwa mikwaju miwili chini ya kiwango, timu ikapata nafasi ya kupigania namba nane, wakaingia, na wakaenda hadi fainali wakaangusha Alabama 3-2. Timu ya mwisho kuingia mlangoni ndiyo ilitoka na kombe.

Na May 2025, Stanford walifika fainali huko Carlsbad, California, wakiwa ndio kila mtu anawapigia upatu. Northwestern wakawachapa 3-2 na kubeba kombe lao la kwanza kabisa la gofu ya wasichana. Ukiwa kocha wa chuo cha kawaida, hiyo ni habari njema. Kumbe huhitaji Rose Zhang. Unahitaji watano ambao hawavunjiki.

Basi hao watano wanapatikana aje?

Sheria inasema kocha wa daraja la kwanza haruhusiwi kuongea na msichana mambo ya kumchukua hadi Juni 15, baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Kwetu weka kama Form 2. Kabla ya hapo kocha anaweza kumwona akicheza, lakini mdomo umefungwa. Anavaa kofia ya chuo chake, anasimama kando ya uwanja, anaangalia, anaondoka. Juni 15 ikifika, simu zinalia. Kuanzia Agosti 1 inayofuata, msichana anaweza kualikwa kutembelea chuo kwa gharama ya chuo.

Akiwa pale kando, kocha anacheki nini? Kwanza skoa za mashindano ya raundi kadhaa, si zile za kucheza na maboi wa klabu Jumamosi. Pili, ugumu wa uwanja na nani wengine walikuwa wanacheza. 74 kwa uwanja mgumu siku ya upepo inaweza kuwa kubwa kuliko 69 kwa uwanja mteremko. Tatu, orodha ya dunia ya wachezaji wa ridhaa, WAGR. Nne, na hii haiandikwi mahali, ni vile msichana anakaa baada ya kuharibu shimo. Akirusha fimbo na kumnunia babake, kocha ameona ya kutosha. Tano, alama za darasani, juu mchezaji mwenye alama mbovu hawezi kuruhusiwa kucheza.

Hadi hapo ni mchezo wa haki, si ndio? Sasa ngoja tufike kwa ngori.

Kwa miaka mingi, timu ya gofu ya wasichana ya daraja la kwanza iliruhusiwa skolashipu sita nzima, ambazo kocha angezikatakata vipande na kugawia wasichana wanane au kumi. Wanaume walikuwa na nne na nusu. Wasichana walipewa zaidi juu ya Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia kwa elimu inayopata pesa ya serikali kuu. Timu moja ya futiboli ya Marekani ilikuwa inameza skolashipu 85 za wanaume, so vyuo vilihitaji kusawazisha kwa kuweka nafasi kwa michezo ya wanawake. Gofu ikafaidika.

Juni 2025, jaji akapitisha ule mkataba mkubwa wa kesi ya House dhidi ya NCAA. Sasa vyuo vilivyoingia kwa huo mpango vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kikomo cha skolashipu kimeondolewa, kikaletwa kikomo cha idadi ya wachezaji. Gofu ni tisa. Basi.

Ukiisoma haraka inakaa poa: chuo kikitaka kinaweza kuwalipia karo wote tisa. Lakini soma tena. Pesa nyingi zinaelekea futiboli na basketiboli, juu ndiko mapato hutoka. Hakuna sheria inayolazimisha chuo kuwalipia wote tisa wa gofu. Na ile nafasi ya kumi, ya msichana ambaye bado anaiva, ambaye kocha angesema "kuja ujilipie, fanya mazoezi na sisi mwaka mmoja tuone," hiyo imepotea.

Ongeza potali ya uhamisho. Ilifunguliwa 2018. Kuanzia 2021 mchezaji wa mchezo wowote angeweza kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na 2024 hata hiyo mara moja ikaondolewa, mradi masomo yako sawa. Jiweke kwa viatu vya kocha mwenye nafasi moja. Upande huu kuna msichana wa 20, ameshacheza miaka miwili ya chuo, skoa zake ziko wazi. Upande ule kuna mtoi wa 17 kutoka nchi ambayo kocha hajawahi kanyaga. Kibarua chako kinategemea kushinda mwaka huu. Unachukua nani? Usinijibu, najua.

Kuna pia hofu ya staa kutoroka. Rose Zhang aliacha timu ya Stanford baada ya miaka miwili, na Juni 2023 akashinda shindano lake la kwanza kabisa la LPGA kama mchezaji wa kulipwa. Shannon Tan wa Singapore alikuwa Texas Tech, akaingia gofu ya kulipwa kabla amalize digrii, na Februari 2024, akiwa na miaka 19, akashinda Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo Ridge, Kilifi. Ndio, hapa kwetu. Mimi pia niliacha chuo katikati lakini hakuna kombe lilikuwa linanisubiri Kilifi, so nampigia saluti. Kwa kocha wake hiyo ni nafasi imebaki wazi katikati ya msimu, na jibu la haraka, tena, ni potali.

Ukiunganisha hizo zote, unaona mfumo unalinda walio ndani tayari. Anayeumia ni msichana wa nje anayechelewa kuiva.

Na hapo ndipo Kenya inaingia. Hii njia ya vyuo vya Marekani tunaijua kwa mbio. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia 1978. Lakini mbio zina saa. Muda wako wa mita 5,000 ukipimwa vizuri, kocha wa Marekani anauelewa bila kukuona. Gofu haina saa. 72 yako ya klabu haimwambii kitu kama shindano halihesabiwi popote. Tena mbio unahitaji barabara, gofu inahitaji fimbo, mipira, ada ya uwanja, na viwanja vyetu vingi ni vya wanachama. Mtoi wa kedi anaweza kuwa na mkono mtamu kuliko wa mwanachama na bado asiwe na skoa hata moja iliyoandikwa.

Kwa hivyo tukitaka wasichana wetu waonekane, kelele isiwe ya kuomba skolashipu. Iwe ya kuomba mashindano ya vijana ya raundi tatu yanayohesabiwa kwa orodha ya dunia, na wasichana wasio wanachama waruhusiwe kuingia. Hesabu ya skoa nne inapenda mchezaji asiyevunjika, na kutovunjika hakutaki klabu ya bei. Kunataka mahali pa kukuthibitishia.

Kama una msichana nyumbani anayecheza, chukua hizi. Aandike skoa za kila shindano, uwanja na tarehe. Asiguse pesa ya zawadi kabla ya kusoma sheria za wachezaji wa ridhaa. Masomo 16 ya msingi ya sekondari yanahesabiwa na NCAA, na wastani wa chini kwa daraja la kwanza ni 2.3. Asikwame na daraja la kwanza pekee: daraja la pili, NAIA na vyuo vya miaka miwili pia vina pesa ya gofu. Daraja la tatu halina skolashipu ya michezo, liko na msaada wa masomo na wa wasiojiweza tu. Hizo pesa za kulipwa kwa jina na sura yako, msichana mwenye viza ya F-1 aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla asaini kitu, juu viza hiyo inabana kazi. Na mtu akikuambia lipa ngiri kadhaa akuunganishe na kocha, mwambie barua pepe ya kocha iko kwa tovuti ya chuo, bure.

Kwa hiyo barua, asijisifu kwa raundi yake bora. Atume zote, hata ile mbovu. Kocha ataanza kusoma na hiyo mbovu.