Masomo ya Mtu Mzima si Mzaha



Hapa Osiri mtu wa miaka thelathini akipita na kitabu cha hesabu kwapani, watu humcheka. Humwuliza kama ataka kuwa gavana. Mtu huyo huyo akikaa kutwa nzima na chupa, hakuna amchekaye. Jambo hili lataka kusemwa waziwazi katika gazeti letu, maana wengi wanaochekwa ni wanachama wetu, na wengine wanaocheka ni wanachama wetu pia.

Tuanze na sababu. Kijana wa Nyatike huacha shule kwa kuwa dhahabu iko karibu kuliko cheti. Akibeba mawe leo, leo hii hupata kitu cha kununulia unga. Mwalimu amwahidi faida baada ya miaka kumi. Sisemi kijana huyo ni mjinga. Amepiga hesabu yake kwa njaa iliyoko nyumbani. Upande wa ziwani, mwenzake huingia katika mashua ya omena usiku, na asubuhi darasani alala juu ya dawati mpaka achoke kufukuzwa. Msichana akizaa, serikali imemruhusu kurudi shule tangu mwaka 1994, lakini ruhusa haimnyonyeshi mtoto. Basi twamwona akivunja mawe kwa nyundo, mtoto kando yake, vumbi juu ya wote wawili. Miaka kumi ikipita, watu hawa wataka kusoma tena. Wamechelewa kwa kuwa walikuwa wakifanya kazi.

Wazee huulizia kidato cha tano na cha sita, kwa kuwa zamani hapo ndipo palipokuwa lango la chuo kikuu. Kwetu Kenya vidato hivyo viliondolewa na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na mtihani wake wa mwisho ulifanywa 1989. Jirani zetu wa Uganda na Tanzania wanavyo hata leo. Huko Tanzania mtu mzima aliyefaulu vizuri masomo matatu ya kidato cha nne aweza kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila kuvaa sare. Kwetu sisi lango ni KCSE: masomo yasiyopungua saba, na Kiingereza, Kiswahili na Hesabu havikwepeki. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia mwenyewe, hujiandikisha mapema katika mwaka, kisha hungoja Oktoba na Novemba.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho 2023. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na darasa la mwisho la 8-4-4 ni la kufanya KCSE mwaka 2027. Mama aliye na cheti cha darasa la nane cha mwaka 1998 hakusoma mtaala huo mpya hata siku moja. Twataka Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani waandike, kwa lugha inayosomeka, njia ya mama huyo baada ya 2027, na waibandike mpaka katika ofisi ya chifu. Lango lisifungwe kimyakimya wakati watu wako ndani ya mashimo.

Mara nyingi husimuliwa habari za Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Ni mtu wa kuheshimiwa, lakini mimi sipendi sana namna habari zake zinavyotumiwa. Zimemfanya mtu mzima mwenye kitabu aonekane kioja cha kupigwa picha. Mvunja mawe wa miaka 28 si kioja. Anahitaji taa, chumba kisicho na kelele, na siku za mtihani.

Mfano ufaao zaidi ni Tom Mboya, ambaye jamaa zake ni wa Rusinga, katika Homa Bay yetu hii. Aliacha Mang'u kwa kukosa karo, akawa mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi. Alijisomea kwa posta huku akifanya kazi na kuendesha chama. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao shule iliwapita. Angalieni vizuri hapo: alikwisha kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi kabla hajafika chuoni, na msaada wa masomo ulitoka kwa wafanyakazi wenzake wa Uingereza.

Kuna wanaosema vijana wenye digrii wanatembea bure, basi mzee asome ya nini? Swali ni la haki. Hatuahidi mtu kiti cha ofisi. Lakini kibali cha mchimbaji mdogo chini ya Sheria ya Madini ya 2016 ni karatasi, mizani ya mnunuzi ina tarakimu, na asiyejua kemia hushika zebaki kwa mkono mtupu kama ashikaye maji.

Haya basi, chama kifanye nini? Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi likizo ya siku 21 kwa mwaka, na ya uzazi, na ya ugonjwa. Likizo ya mtihani haimo. Lakini kuna Mkataba namba 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na Kenya iliukubali mwaka 1979. Mabwana wakubwa wakituambia twaomba anasa, tuwaonyeshe mkataba huo.

Wachimbaji wasio na mwajiri wanaogawana mawe na mwenye shimo waweza kukubaliana hivyo hivyo: mwenzao akienda mtihani, fungu lake lisiliwe. Wavuvi wa omena hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Usiku huo wafaa darasa. Na shule za sekondari zilizo karibu ziombwe zifungue maabara Jumamosi, kwa kuwa majaribio ya kemia hayafanywi kwa kukariri.

Tawi liliweke jambo hili katika mapendekezo kabla ya mazungumzo yajayo ya mkataba, na likizo ya mtihani itajwe kwa idadi ya siku. Neno "itafikiriwa" tusilitie sahihi.