Tuachiane Nafasi Kwenye Foleni

Mhariri,

Siku ya soko juma lililopita hapa Mwingi, nilipanga foleni kwa wakala wa kutoa pesa kwa simu. Mbele yangu alisimama nyanya mmoja mwenye kiondo. Wakala alimsomea nambari ya kitambulisho kwa sauti, akataja na kiasi, shilingi 6,000, foleni nzima ikasikia. Nyanya alipoanza kubonyeza nambari yake ya siri, kijana aliyekuwa nyuma yake alikuwa amemwinamia begani kabisa. Nyanya akaifunika simu kwa leso, mikono ikimtetemeka. Nilimwomba kijana arudi nyuma. Alinijibu kwamba angerukiwa zamu.

Hofu hiyo ya kurukiwa ndiyo inayotubananisha, nami naielewa. Lakini pengo la hatua moja halimnyang'anyi mtu zamu yake.

Kwenye dirisha la dawa mambo ni mazito zaidi. Jirani akisikia jina la dawa unayopewa, jioni kijiji kizima kina habari, na wapo wanaoacha kwenda kuchukua dawa kwa aibu hiyo.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawabana wanaoshika taarifa zetu. Nawaomba mawakala na wahudumu wachore mstari wa rangi sakafuni, hatua moja kutoka dirishani, na wamwonyeshe mteja kiasi kwenye karatasi badala ya kukitangaza. Nasi tulio nyuma, tusubiri kwenye mstari huo.

Msomaji wako,
Mwingi, Kaunti ya Kitui