Elfu Tano kwa Cheti cha Uongozi?

Leo naongea na wewe uliye chuoni hapa kwetu, Nchiru, KeMU ama Chuo Kikuu cha Embu.

Posta umeiona. Kongamano la viongozi vijana wa Kiislamu, hoteli ya Nairobi, siku tatu, elfu tano. Ukichelewa, elfu saba. Nauli juu yako. Na pesa ya HELB imeingia juzi tu, landilodi bado anakudai.

Mimi nililipa nikiwa mwanafunzi wa diploma. Nikapanda matatu Makutano alfajiri, nikarudi na tisheti, cheti na picha kibao. Kisa cha Usama bin Zayd tulikisikia mara tatu kwa siku moja, wasemaji watatu tofauti! Hakuna aliyekumbuka kutuambia kwamba Usama alikabidhiwa jeshi, hakuuziwa kiti cha ukumbini.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa Majengo akanijia. Shule inamkataza mdogo wake kuvaa hijabu, nimsaidie kuandika barua. Nilikaa na ile karatasi mpaka Isha. Sikujua barua inaenda kwa nani, wala inataja kifungu gani. Na cheti cha uongozi kiko ukutani kinaniangalia.

Sasa sikiliza, manake kesi kubwa ya hijabu nchini ilianzia hapa hapa Mahakama Kuu ya Meru. Ilihusu sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo. Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule, lilienda kortini 2014 kupinga wasichana Waislamu kuvaa hijabu, na 2015 likashinda. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana haki yao. Tulishangilia. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo, kwa wingi wa majaji. Sababu? Majaji hawakusema hijabu ni makosa. Walisema ombi la Fugicha halikufika mbele ya korti kwa utaratibu unaotakiwa. Jambo lenyewe likabaki bila jibu.

Rudia kusoma hapo. Miaka yote hiyo, na kilichotuangusha ni utaratibu wa kuwasilisha makaratasi. Simlaumu yule mzee, alisimama wakati wengi tulikuwa tumekaa. Lakini mbona hakuna kongamano hata moja nililosikia likifundisha hiyo hukumu? Tunafundishwa kushika maikrofoni, eti kujiamini. Kujiamini bila kujua Kifungu cha 32 cha Katiba ni kelele tu.

Najua utasema, "Lakini tunajuana na wenzetu wa vyuo vingine." Kweli, hiyo ni faida, siikatai. Watu wawili niliokutana nao kule bado nafanya nao kazi. Ila kujuana hakuhitaji hoteli, misikiti iko. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: anayekosa elfu tano anakosa pia jina la kiongozi. Mtoto wa mama muuza mitumba Majengo anabaki nyumbani, mwenye baba wa kulipa anarudi na cheti, na uchaguzi wa chama cha wanafunzi ukifika tunauliza nani "ana uzoefu". Tunachuja viongozi kwa mfuko halafu tunaita shura.

Waandaaji wengine wana nia njema, na ukumbi na chakula vina gharama. Basi waonyeshe hesabu. Waseme msemaji mkuu analipwa ngapi, nafasi za bure ni ngapi, na waliohudhuria mwaka jana wamefanya nini mitaani. Ukiuliza ukaitwa mfitini, jibu umepata.

Kuna kitu hakina ada. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu wewe raia kuandikia ofisi ya umma, shule ya serikali ikiwemo, uulize: kanuni ya mavazi ilipitishwa lini, na nani? Wana siku 21 za kukujibu. Wangapi kwetu wamewahi kuandika barua kama hiyo?

Kwa hiyo kabla hujatuma M-Pesa, waite wenzako kumi. Elfu tano kumi ni elfu hamsini. Mtafuteni wakili Mwislamu akae nanyi Jumamosi msikitini, Meru ama Embu, awasomee hukumu ya Fugicha ukurasa kwa ukurasa, kisha kila mmoja aandike barua yake papo hapo. Pesa itabaki. Mkikosa wakili, tuandikieni inbox, tutamtafuta pamoja. Njoo na kalamu. Chai ipo, cheti hatutoi.