Viwavijeshi: tunapulizia dawa, nondo ameshaondoka

Wadau, leo tuongelee nondo. Siyo za kujengea, wala zile za chumba cha mtihani. Namaanisha mdudu wa usiku anayezunguka taa. Huyo ndiye mzazi wa kiwavijeshi.

Kila wakitokea ni yale yale: mkulima anauliza dawa iko wapi, wakubwa wanajibu inakuja. Na huku Morogoro, kuanzia Kilosa mpaka Mvuha chini ya Uluguru, mahindi ndiyo ugali na ndiyo daftari za watoto. Mimi nauliza swali la nyuma zaidi: hivi wanatoka wapi wengi hivyo, ghafla?

Piga hesabu. Jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai kama 1,000 maishani mwake. Tuseme 600. Wakifa wote wakabaki 2, dume na jike, hakuna kilichoongezeka, wala hutajua kama wapo. Wakibaki 20 wameongezeka mara 10, na kutoka yai mpaka nondo ni kama mwezi tu. Mizunguko miwili, mara 100! Halafu kuna suala la mwili. Kiwavi aliyeshiba majani mateke anatoa nondo mkubwa, na jike mkubwa anabeba mayai mengi kuliko mwenzake aliyedumaa. Ndiyo maana mvua za kwanza baada ya ukame ni hatari, nyasi zote changa zinachipua kwa pamoja.

Wazee wanasema viwavi wanashuka na mvua. Tusiwacheke. Nondo husafiri usiku na upepo, kilomita nyingi tu, na penye dhoruba wanakusanywa na kutua sehemu moja. Mayai yao yanaanguliwa pamoja, na viwavi wakisongamana wanageuka weusi. Aliye peke yake huwa wa kijani au kahawia, humwoni. Kwa hiyo ukiona weusi ujue wamekua tayari, na hao wakubwa ndio walaji hasa. Siku chache mbele wanajichimbia ardhini. Dawa ikifika hapo inampulizia nani?

Kilosa walishaonyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanakijiji walifundishwa kutumia mtego wenye harufu ya jike, madume wanaingia, wanahesabiwa. Kuna na kipima mvua. Nondo wengi pamoja na mvua, kijiji kinatangaziwa kukagua mashamba wakati viwavi bado wadogo. Bei yake huwezi kuilinganisha na dawa ya kuchelewa.

Tusichanganye na yule vamizi wa kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika 2016 na Tanzania 2017. Huyo hahami kwa jeshi, anajificha kwenye moyo wa mhindi na unaweza kumkuta mwaka mzima. Habari zake siku nyingine.

Mliopo Kilosa, mtego wa kijiji chenu bado unafanya kazi? Nani anahesabu? Tupeni data hapo chini.