Shime kwa Wakimbiaji wa Njia ya Wapagazi

Kwa miaka mingi kabla reli haijafika Tabora mnamo mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipokwisha kuvuka Mgunda Mkali, lile pori la miiba na uchache wa maji lililotenga Ugogo na Unyamwezi, iliingia nchi ya Wanyamwezi kwa mlango wa Tura. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao wote walifika kwa nguvu za watu ambao aghalabu majina yao hayakuandikwa, wapagazi waliobeba karibu frasila mbili kila mmoja, siku baada ya siku, kwa ujira mdogo na posho ya nafaka. Bwana wa msafara akiugua alifungiwa machela akachukuliwa. Bali mpagazi mwenyewe, akipatwa na ndui au tumbo la kuhara, mara nyingi aliachwa kando ya njia, na wengi wakafia huko pasipo mtu wa kuwazika.

Nayataja hayo kwa sababu jambo ninalotaka kuwausia wenzangu wa Tura, wa Uyui na wa Tabora yote ni la miguu na la njia hii hii. Katika miji yetu mikubwa imeenea desturi njema ya mbio za hisani, ambamo watu hulipa ada, hubandika namba kifuani, wakakimbia kilomita 5 au 10, na wenye pumzi zaidi 21 au 42, kisha fedha zikatumika kwa tiba ya wasiojiweza. Benki ya CRDB ilianza mbio zake mwaka 2020, na kwa fedha zake watoto wenye maradhi ya moyo wakasaidiwa matibabu katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Na Dodoma, mbio za Benki ya NBC zimechangia vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Wallahi ni kazi ya kushukuriwa. Lakini sioni kwa nini fadhila hiyo iishie mijini, wala sioni, ikija kwetu, haja iliyo kubwa kuliko hii: kumfikisha mgonjwa wa dharura kwa mganga kabla saa yake haijapita.

Mfikirieni mama aliyejifungua usiku katika kijiji kilicho ndani ya miombo, na damu isikatike. Wakunga wanajua kwamba hali hiyo yaweza kumwua mwanamke mwenye siha kamili kwa muda wa saa chache tu. Zahanati yaweza kumchoma sindano ya kukaza mji wa uzazi, lakini damu ya kumwongezea na chumba cha upasuaji viko mbali. Basi hupakiwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, na dada yake nyuma amemkumbatia, wamefungwa pamoja kwa kanga asije akaanguka, na kila tuta la mchanga na kila shimo la njia humzidishia kutoka damu. Na kabla ya kuondoka, mumewe amekwisha kubisha hodi nyumba tatu au nne, akitafuta fedha ya petroli saa nane za usiku kwa majirani ambao nao hawana. Muda ule wa kubisha hodi ndio unaomaliza watu.

Serikali, kwa haki, haikulala. Mwaka 2022 mpango wa m-mama, uliokwisha kujaribiwa Kanda ya Ziwa, ulitangazwa kuwa wa nchi nzima: mtu hupiga 115 bila malipo, na lisipopatikana gari la wagonjwa, huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu yake. Sijui mpango uliofikiriwa vizuri kuliko huo. Lakini umewekwa kwa ajili ya waja wazito, wazazi na watoto wachanga. Mkulima aliyeumwa na nyoka katika tumbaku yake, mrina asali aliyeanguka mtini, mtoto wa miaka mitano aliyeshikwa na degedege, hao bado wanangojea huruma ya mwenye chombo. Pengo hilo ndilo nitakalo tulizibe, kwa mfuko wa nauli ya dharura utakaojazwa kwa mbio zetu wenyewe juu ya njia hii ya wapagazi, na ambao dereva yeyote wa hapa atajua kwamba utamlipa.

Yuko atakayeuliza, je, mwenye fedha si atoe tu, ana haja gani ya kutoka jasho? Sadaka ya siri ina heshima yake, wala siipingi. Lakini wenye fedha kwetu ni wachache, na wenye miguu ni wengi. Kijana asiye na senti moja, akipita nyumba kwa nyumba na kuandika ahadi za majirani, huyu shilingi mia kwa kila kilomita, yule mia tano, huwa amekusanya kwa taabu ya mwili wake fedha ambazo asingezipata kwa kuomba. Na wale walioahidi, wakimwona anapita hoi mbele ya vibaraza vyao, huona haya kurudi nyuma. Wala mtu asiseme kwamba kukimbia ni kazi ya mabingwa. Alphonce Simbu wa Singida, jirani zetu, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo mwaka 2025, nasi tunajivunia. Lakini mfuko huu hautauliza nani alitangulia, na bibi wa miaka sitini akitembea kilomita zake tano, ahadi zake zitalipwa sawasawa na za kijana.

Wakati wa mbio hizi naona ni kiangazi, tumbaku ikisha kuuzwa, watu wana kitu mkononi na njia zimekauka. Amana ya mfuko wakabidhiwe watu wasiopungua watatu, mmoja wao mwanamke. Na hesabu ibandikwe mlangoni pa zahanati kila mwezi, ionyeshe kilichoingia, safari zilizolipiwa, na dereva aliyelipwa, ili mkimbiaji wa mwaka huu asione shaka kuandika jina lake mwaka ujao.