Tuisome Injili ya Yohana nzima kabla ya kupanda mimbarini

Nyakach haina upungufu wa mahubiri. Hapa Pap Onditi na katika vijiji vinavyotuzunguka, tangu uwanda unaoteremka kuelekea Ziwa Victoria hadi mwinuko wa Nyabondo, Injili huhubiriwa makanisani, sokoni na, zaidi ya kwingineko, matangani, ambako mhubiri hupata hadhira ambayo kanisa lake halijapata kuiona. Tunachopungukiwa ni usomaji. Mhubiri huchukua mstari mmoja, akautundika juu ya jambo alilokwisha kukusudia kulisema, na wasikilizaji wakaitikia "Amina" bila ya kuuliza mstari huo umetanguliwa na nini wala umefuatwa na nini. Ni desturi hiyo ninayotaka kuizungumzia leo, na mfano wangu utakuwa Injili ya Yohana, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana miongoni mwetu na, kwa maoni yangu, ndiyo inayosomwa kidogo.

Injili husomwa kwa makusudi matatu. Kwanza ni elimu: kutaka kujua kitabu kiliandikwa kwa lugha gani, kwa ajili ya nani, na maneno yake yalikuwa na maana gani kwa walioyasikia kwanza. Pili ni imani: kumtafuta Yule anayesimuliwa humo. Tatu ni mahubiri: kuwagawia wengine kile ulichokipata. Makusudi haya ni kama mafiga matatu. Ukiliondoa moja, chungu humwagika na watoto hulala njaa. Msomi asiye na imani huweza kukieleza kitabu bila ya kuguswa nacho. Muumini asiye na elimu huweza kuyasikia mawazo yake mwenyewe akadhani ni sauti ya Mungu. Na mhubiri aliyekosa vyote viwili huwa ana kipaza sauti tu.

Sisi watu wa kando ya Ziwa tuna sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Agano Jipya kwa Kiluo lilichapishwa mwaka 1926, na Muma nzima, yaani Biblia kamili, ikatoka mwaka 1953. Katika miaka hiyo kanisa la Kianglikana huku Nyanza lilikuwa na mvutano baina ya ndugu wa uamsho, walioitwa Joremo, watu wa damu, kwa jinsi walivyoitukuza damu ya Kristo, na wenzao walioitwa Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 mvutano huo ukazaa kanisa jipya, Church of Christ in Africa, chini ya uongozi wa Abednego Matthew Ajuoga, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana. David Barrett, mmishonari aliyefanya kazi katika eneo hili, aliandika mwaka 1968 kitabu kuhusu vikundi vipatavyo 6,000 vya Kikristo vilivyojitenga na makanisa ya kimishonari barani Afrika. Alionyesha kwamba kupatikana kwa Maandiko katika lugha ya mama kuliwapa Waafrika kipimo cha kuwapimia wale waliowaletea Maandiko hayo. Waliliona neno hera katika Muma, wakauliza: mbona hera hii hatuioni kwa waliotufundisha kuisoma?

Historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba usomaji una nguvu. Watu waliokuwa wakifanywa kama watoto walikifungua kitabu, wakasimama kama watu wazima. La pili ni kwamba neno moja likitengwa na kitabu chake huweza kuwa bendera ya kundi. Mgogoro wa 1957 haukuwa wa maneno mawili tu. Yalikuwamo pia masuala ya mamlaka na heshima. Hata hivyo, anayeisoma Injili ya Yohana tangu mwanzo hadi mwisho hukutana na remo katika sura ya 6 na tena katika sura ya 19, pale ubavu unapochomwa mkuki, na hukutana na hera katika sura ya 13 na ya 15. Mwinjilisti hakuyaweka maneno hayo katika kambi mbili. Kwake, damu humwagika kwa sababu ya upendo, na upendo hujulikana kwa kuwa ulikubali kumwaga damu. Aliyeshika moja akaliacha la pili ameshika nusu ya kitabu.

Nije sasa kwenye jambo la leo, ambalo ni zito kuliko majina ya makundi. Katika jamii yetu kuna itikadi ya chira: mtu aliyevunja mwiko, au ambaye jamaa yake ameuvunja, hupatwa na maradhi ya kumkondesha hadi kufa. Ukimwi ulipoingia katika nchi hii katika miaka ya 1980, wengi huku kwetu waliuona mwili unaokonda wakasema ni chira. Hadi leo mtoto akizaliwa na ulemavu, au kijana akiugua asipone upesi, swali la kwanza katika boma nyingi si "ana ugonjwa gani?" bali "nani amekosa?" Aghalabu anayenyooshewa kidole ni mama, au mjane ambaye hawezi kujitetea mbele ya wazee.

Swali hilo hilo limo katika sura ya 9 ya Yohana. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wanataka kuambiwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anazikataa sehemu zote mbili za swali: si yeye, wala si wazazi. Sura hiyo ingesomwa kwa ukamilifu katika kila matanga ya Nyakach, wajane wangapi wangepunguziwa mzigo! Badala yake nimewasikia wahubiri wakilichukua swali la wanafunzi na kulifanya mahubiri, wakaliacha jibu la Bwana wao kitabuni.

Hapa ndipo elimu inapokuja kuisaidia imani. Nakala za kale kabisa za Injili ziliandikwa kwa Kiyunani bila ya vituo kama tunavyovijua. Vituo vilitiwa na watu wa baadaye. Kwa hiyo mstari wa 3 na wa 4 wa sura hiyo huweza kusomwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, iliyofuatwa na tafsiri nyingi, hutoa maana kwamba mtu huyo alizaliwa kipofu ili kazi za Mungu zionekane kwake. Namna ya pili, ambayo baadhi ya wataalamu wanaitetea, huweka kituo baada ya kukataliwa kwa dhambi, na kisha huanza sentensi mpya: ili kazi za Mungu zionekane kwake, yatupasa sisi kufanya kazi wakati ungali mchana. Sarufi inaziruhusu namna zote mbili, na mabishano hayajamalizika.

Msomaji aweza kudhani kwamba huo ni mchezo wa wasomi juu ya nukta moja. Sivyo. Mhubiri anayeijua namna ya kwanza peke yake humwambia mama wa mtoto kipofu kwamba Mungu alimpofusha mwanawe ili aonyeshe uwezo. Anayeijua na ya pili huweza kumwambia kwamba hakuna aliyekosa, na kwamba sasa ni mchana, basi na tushike kazi. Na kazi hiyo ina anwani. Hospitali ya serikali ipo hapa hapa Pap Onditi, na dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Mhubiri anayemwambia mgonjwa azitupe dawa zake ili aithibitishe imani yake hajaifikia hata nusu ya sura ya 9, kwa maana humo Yesu mwenyewe alitumia tope na mate, kisha akamtuma mtu huyo akanawe katika birika la Siloamu. Birika hilo si hadithi. Mwaka 2004 ngazi zake za enzi hizo zilifukuliwa mjini Jerusalem.

Najua pingamizi nitakayoletewa. Kuna wazee wa kanisa ninaowaheshimu wanaosema kwamba elimu huua imani, na kwamba Roho humfundisha mtu bila ya vitabu. Watanikumbusha kwamba wasomi husema kisa cha mwanamke aliyefumaniwa, kilichomo mwanzoni mwa sura ya 8, hakimo katika nakala za kale zaidi za Yohana. Ni kweli, hakimo. Je, tukifute? Makanisa yamekihifadhi kisa hicho kwa karne nyingi, na wasomi wengi wanakiona kuwa ni mapokeo ya zamani yaliyoingizwa mahali hapo baadaye. Mhubiri mwenye kuyajua hayo huweza kuendelea kukihubiri kwa moyo mweupe, na siku kijana wa chuo kikuu atakapomuuliza, hatamfukuza kwa ukali. Atamketisha na kumweleza. Imani inayotegemea waumini wasiulize ni kama nyumba iliyojengwa kwenye njia ya mafuriko: huonekana imara wakati wa kiangazi tu.

Tena sura hiyo hiyo ya 9 ndiyo inayowajibu wazee wetu. Mtu aliyeponywa anapoulizwa mara ya kwanza, anamtaja mtu aitwaye Yesu. Anapohojiwa na Mafarisayo, anasema ni nabii. Wanapombana zaidi, anasema ametoka kwa Mungu. Mwishoni, akiwa amekwisha kufukuzwa, anamsujudia. Kila swali lilimpandisha ngazi moja. Wazazi wake, waliowaogopa wakuu na kukwepa kuulizwa, hawakupanda hata moja. Basi aliyesema kwamba maswali huua imani aisome sura hii tena.

Afrika Mashariki imepata kumwona mtu aliyeyashika mafiga yote matatu. John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani aliyefariki mwaka 2019, alisomea Cambridge na kupata shahada ya udaktari mwaka 1963, akafundisha Makerere, na baadaye akawa mchungaji wa parokia nchini Uswisi, akihubiri na kuzika kama mchungaji yeyote. Uzeeni alilitafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kiyunani, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 2014. Usomi haukumpokonya mimbari, wala mimbari haikumzuia kusoma.

Wapo pia wanaoona kwamba dawa ya maradhi yetu ni cheti. Mwaka 2023, wakati miili, ambayo hatimaye ilizidi 400, ilipokuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, serikali iliunda jopokazi la kuangalia usimamizi wa makanisa, na mjadala ukawaka kuhusu kumlazimisha kila mhubiri awe na elimu ya dini. Siupingi mjadala huo, kwani waliokufa kule walikuwa watu, na wengi walikuwa watoto. Lakini cheti hutundikwa ukutani, na mtu aweza kukipata bila ya kukisoma hata kitabu kimoja cha Injili hadi mwisho. Isitoshe, mhubiri mpotovu hahitaji kujificha serikalini peke yake; huhitaji zaidi waumini wasiosoma. Ulinzi ulio imara ni usharika ambao mama wa kiti cha nyuma huweza kuinua mkono na kusema: "Mchungaji, endelea na mstari unaofuata."

Kwa hiyo natoa rai kwa makanisa ya Pap Onditi, ya kimishonari na ya Kiafrika, bila ya kubagua. Injili ya Yohana ina sura 21. Tukisoma sura moja kila juma, tutaimaliza kwa muda wa miezi mitano. Ziwekwe mezani Muma ya Kiluo, Biblia ya Kiswahili na Biblia ya Kiingereza, na pale zinapotofautiana tusimame tuulize kwa nini. Kanisa ambalo limeweza kuchangisha fedha za spika halitashindwa na bei ya kitabu kimoja cha ufafanuzi. Tena mtu yeyote asihubiri juu ya mstari ambao hajaisoma sura yake yote.

Wala mtu asijione hana elimu ya kutosha kuketi mezani hapo. Tutakapofika sura ya 21, penye wavuvi waliokesha ziwani wasipate kitu, mvuvi wa Kusa atakuwa na mengi ya kumfundisha mchungaji juu ya uchovu wa alfajiri kama ile na uzito wa wavu uliojaa. Tutakapofika sura ya 11, wajane watatueleza Martha alikuwa na uchungu gani alipotoka kumlaki mgeni aliyechelewa. Elimu ya namna hiyo haifundishwi chuoni, nayo chuo huihitaji.

Wazee wetu waliipokea Injili hii kwa lugha yao wakaisoma hadi ikawatikisa, na hata walipokosana, walikosana juu ya kitabu walichokuwa wamekifungua. Sisi tunacho katika lugha tatu, nasi tunakibeba kwapani kutoka matanga hadi matanga. Jumamosi ijayo atazikwa mtu tena mahali fulani katika Nyakach, na mjane ataketi mbele ya mhubiri akingoja kusikia kama ni yeye aliyekosa. Mhubiri na ampe jibu la Yesu.