Baridi ya Kwetu Si Mandhari ya Picha Zenu

Leo sichekeshi mtu.

Kila Juni hadi Agosti mnajaza simu yangu na picha za ukungu wa Kericho na Bomet. Kikombe cha chai, soksi nzito, halafu maneno mawili: "Baridi tamu." Sijitoi. Julai mwaka jana niko Nairobi, niliposti picha ya zamani ya nyumbani Ndanai na maneno hayohayo. Laiki zikamiminika. Usiku huohuo ndama wa kogo alikuwa amelala kwenye tope akitetemeka. Kufika asubuhi, amekufa. Alikuwa jike. Tulikuwa tumeshamhesabia maziwa, na maziwa tumeshayahesabia karo ya ndugu yangu mdogo.

Nikisimulia hii, naulizwa: "Lakini si ng'ombe wa huko wamezoea baridi?"

Wacha nikujibu mara moja. Friesian mkubwa aliyeshiba na mwenye ngozi kavu, baridi ya Bomet haimtishi. Shida ni kulowa. Manyoya yakilowa hayashiki joto tena, na upepo unamaliza kazi. Ndama wa siku mbili ana mafuta kidogo sana mwilini. Asipopata dang'a ya kutosha saa chache baada ya kuzaliwa, hana nguvu ya kujipasha joto wala kinga ya kupigana na nimonia. Mama yake naye akilala topeni, kiwele kinavimba na maziwa yanamwagwa. Kwa hivyo msiseme ni baridi tu. Ni kukosa mabati manne na sakafu kavu.

Sasa hapa ndipo nakasirika. Januari 2012 jalidi iliunguza chai Kericho na Nandi, na nchi nzima ikasikia. Ni sawa, chai ni pesa. Lakini ndama wanaokufa mmoja mmoja, boma hili leo, lile kesho, nani huwahesabu?

Tangu 2015 serikali ilianzisha bima ya mifugo kwa wafugaji wa kaunti kame, na satelaiti ndiyo huangalia kama malisho yamekauka. Wazo zuri, siwaonei wivu. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Lakini satelaiti inaona rangi ya majani tu. Ndanai mwezi wa Julai ni kijani kibichi. Kutoka juu tuko sawa kabisa! Hata kaskazini, mvua ikirudi baada ya ukame, mbuzi waliobaki mifupa hufa kwa kunyeshewa, na hapo nyasi zinaanza kumea.

Marekani, mfugaji akipoteza ng'ombe kwa dhoruba ya theluji, kuna mpango wa serikali unaomlipa asilimia 75 ya bei ya soko. Oktoba 2013 dhoruba iliua maelfu ya ng'ombe South Dakota, na sheria ya 2014 ikaufanya mpango huo uwe wa kudumu. Unaona? Hao wana theluji inayofunika ua, sisi tuna manyunyu. Tofauti kubwa ni kwamba kifo cha ng'ombe wao kiliandikwa mahali.

Kwa hivyo kaunti, anzeni na daftari. Ndama akifa, afisa wa mifugo aandike: lini, wapi, kwa nini. Kitu kisichoandikwa hakipangiwi bajeti.

Na wewe uliye mjini, usijifiche nyuma ya kaunti. Pesa ya wikendi moja hapa Nairobi inanunua mabati kadhaa. Kabla ya kuposti ukungu, piga simu nyumbani uulize: ndama analala wapi?

Mimi sikuuliza. Kogo hakunilaumu, wala hakunipigia. Mama ndiye aliniambia, siku tatu baadaye, nikiwa bado najibu komenti.